Makala 190 kwa 24: nani ametufundisha zaidi kuhusu ubongo?

Kamati inapoketi kuamua nani apandishwe cheo katika idara ya nyurolojia, macho hukimbilia mwisho wa wasifu, kwenye orodha ya makala. Tuseme mmoja ana 190, na mwenzake wa umri uleule ana 24. Mara nyingi mjadala huishia hapo. Kwangu, unaishia mapema mno.

Wanaohesabu tuwatendee haki kwanza. Fahirisi ya h, kipimo cha makala za mtafiti na jinsi zinavyonukuliwa, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni rahisi: ukiwa na makala 30 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 30, h yako ni 30. Yeyote anaweza kuihakiki, na haiulizi wewe ni mtoto wa nani. Pasipo namba, barua ya mkubwa mmoja yaweza kumbeba mtu au kumzamisha. Mtafiti asiye na wa kumsemea ana sababu ya kuzipenda.

Ila h ina dari. Makala 24 haziwezi kukupa h ya 25, hata kama moja kati yake imeipindua fani nzima. Na fani hii imewahi kupinduliwa hivyo. Mwaka 1957, daktari mpasuaji William Scoville na mwanasaikolojia Brenda Milner walichapisha ripoti ya wagonjwa 10 tu waliofanyiwa upasuaji wa ubongo. Mmoja wao, aliyejulikana kwa miaka mingi kama H.M., alikuwa ameondolewa sehemu za ndani za ubongo, kushoto na kulia, mwaka 1953 ili kifafa chake kitulie. Kifafa kilipungua, lakini mambo mapya hayakushika tena kichwani. Baadaye Milner alimpa nyota iliyochorwa kwa mistari miwili, apitishe penseli katikati yake huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Kwa siku 3 makosa yalizidi kupungua, na kila siku H.M. aliketi mezani kama mtu asiyewahi kuiona nyota ile. Mkono ulikumbuka, mwenyewe hakukumbuka. Watafiti waliendelea kumfuatilia hadi alipofariki mwaka 2008. (Milner mwenyewe aliandika mengi, sisemi alikuwa na makala chache. Nasema tu kwamba kazi ya namna ile haiendi mbio.)

Mbio zinatugharimu nini? Mwaka 2013 Katherine Button na wenzake walipitia tafiti 730 za nyurosayansi, wakakuta nguvu ya kitakwimu, yaani uwezekano wa utafiti kunasa athari ambayo kweli ipo, kwa kiwango cha katikati, ni asilimia 21 hivi. Kwa kundi jingine la tafiti, zinazopima ukubwa wa sehemu za ubongo kwa wenye matatizo ya akili, ilikuwa asilimia 8. Namba hiyo 21 hainitoki kichwani. Chukua athari 10 ambazo kweli zipo: tafiti za nguvu hiyo zitanasa 2, na 8 zitapita bila kuonekana. Hata hizo 2 zitaonekana kubwa kuliko zilivyo, kwa sababu katika sampuli ndogo mara nyingi kinachovuka kizingiti cha kitakwimu cha kuhesabiwa kuwa matokeo ni kile ambacho bahati imekitia chumvi. Kikishavuka kinachapishwa, kinanukuliwa, na h inapanda. Atakayekirudia asikipate huenda asipate hata jarida la kumchapisha.

Na kwa nini sampuli ziwe ndogo? Fedha ni sababu, mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, si ya bure. Lakini piga hesabu nyingine. Watu 80 wanaweza kutoa makala moja yenye uzito, au makala 4 za watu 20 kila moja. Orodha itaonyesha 4. Ongeza kwamba katika fani hizi jina la mwisho kwenye orodha ya waandishi kwa kawaida ni la mkuu wa maabara, basi sehemu ya zile 190 huenda ikaeleza ukubwa wa maabara yake kuliko alichokifanya kwa mikono yake.

Uchache nao si sifa. Zipo makala 24 ambazo ni uvivu mtupu, na hutalijua hilo bila kuzisoma. Ndiyo maana napendelea mwombaji alete makala 5 anazozisimamia, zisomwe kuanzia sehemu ya mbinu.

Najua jibu la wanaohesabu: waombaji ni 60, nani ana jioni 60? Tuchuje kwa namba wabaki 6, kisha tuwasome hao. Ni sawa, ila mwenye 24 atakuwa ameshatoka kwenye mchujo wa kwanza.