Ukikataa ushauri wa mtaalamu, andika sababu

Nina miaka kumi na moja Uingereza, kazi yangu ni takwimu za afya, na swali ninaloulizwa zaidi na wenzangu walioko Tanzania ni hili: huko wanasayansi si wanasikilizwa? Nilipofika niliamini hivyo. Siku hizi najibu kwamba si kwa kiasi mnachodhani. Wanasiasa wa hapa wanakataa ushauri wa wataalamu mara nyingi tu. Tofauti niliyoiona iko kwingine: hapa, waziri akikataa, mara nyingi kukataa kwake kunabaki kwenye maandishi ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma.

Kabla sijaondoka nyumbani nilikuwa msaidizi wa utafiti katika mradi mmoja wa afya. Tulikusanya takwimu karibu miaka miwili, tukaandika ripoti, tukaikabidhi kwa ofisi iliyoiomba. Baada ya hapo, kimya. Uamuzi ulipotoka ulikuwa kinyume cha tulichopendekeza. Kukataliwa hakukuniumiza, pengine fedha hazikutosha, pengine kulikuwa na jambo ambalo sisi wa chini hatukulijua. Kilichoniuma, na kinaniuma hadi leo, ni kwamba hapakuwa na ukurasa hata mmoja uliosema pendekezo lilisomwa, likajadiliwa, likaachwa kwa sababu fulani. Timu iliyokuja baada yetu ilianza upya, ikauliza maswali yaleyale katika kaya zilezile.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilitumwa kupitia kumbukumbu za vikao vya kamati inayoishauri serikali kuhusu chanjo. Nikaanza kuandaa barua ya kuomba kibali. Mwenzangu akanishangaa, akanifungulia tovuti ya serikali. Zilikuwepo zote: nani alihudhuria, nani ana maslahi katika kampuni za dawa, takwimu zipi zilitiliwa shaka, wapi hawakuwa na uhakika. Nilizisoma mpaka usiku wa manane. Hapakuwa na siri yoyote ndani yake, ila sikuwa nimewahi kuona serikali ikikiri kwa maandishi kwamba haina uhakika.

Waingereza hawakuzaliwa na desturi hiyo. Iliwagharimu. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulitambuliwa mwaka 1986. Mei 1990 waziri wa kilimo, John Gummer, alijitokeza mbele ya kamera akimpa binti yake mdogo mkate wenye nyama ya ng'ombe ili kuonyesha kwamba nyama ni salama. Tarehe 20 Machi 1996 serikali ya chama kilekile cha Conservative ikasimama bungeni kutangaza kwamba ugonjwa ule huenda ndio uliowaambukiza binadamu. Hadi sasa watu 178 wamekufa Uingereza kwa aina hiyo ya ugonjwa wa ubongo. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Phillips, uliotolewa mwaka 2000, ulieleza jinsi serikali ilivyojishughulisha mno na kuzuia taharuki. Hofu ya kwamba wananchi watahamaki ndiyo iliyofanya mashaka ya wataalamu yafunikwe, na yalipofunuka, imani ilikuwa imekwisha.

Na bado hawajatakasika. Oktoba 2009, Profesa David Nutt, mwenyekiti wa baraza linaloishauri serikali kuhusu dawa za kulevya, aliondolewa baada ya kusema hadharani kwamba pombe na tumbaku vina madhara kuliko bangi. Waziri wa mambo ya ndani alisema mtu hawezi kuwa mshauri wa serikali na papo hapo mpiga kampeni dhidi ya sera yake. Nilipokisoma kisa hicho kwa mara ya kwanza sikuwa nimefika hapa, nikajiambia: kumbe hata kwao. Miaka saba baadaye, Desemba 2016, nikakikumbuka. Dkt. Mwele Malecela, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba utafiti wa taasisi yake ulikuta dalili za virusi vya Zika katika sampuli za damu. Waziri wa afya akasema Tanzania haina Zika. Ndani ya siku chache uteuzi wa Dkt. Malecela ukatenguliwa.

Wote wawili walipoteza nafasi zao. Ila tazama kilichofuata. Upande wa Nutt, barua za waziri na za profesa zilichapishwa, wajumbe wengine wa baraza wakajiuzulu wakisema kwa nini, na Machi 2010 serikali ikatoa kanuni za namna ya kuwatendea washauri wa sayansi: wawe huru kusema, na serikali ikikataa ushauri wao ieleze sababu. Upande wetu mjadala ulifungwa. Na palikuwa na mjadala halali kabisa wa kufanya! Vipimo vya kingamwili za Zika, yaani chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, vinajulikana kuchanganya na virusi vya jamii moja, kama vile vya dengi. Kuwa na kingamwili katika damu si sawa na kuwa na mlipuko. Mwananchi angeeleweshwa hayo kwa dakika kumi redioni, na huenda wizara na taasisi zingegundua kwamba hazikuwa mbali sana. Dkt. Malecela baadaye alikwenda kuongoza idara ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika katika Shirika la Afya Duniani, Geneva, hadi kifo chake mwaka 2022. Dunia ilimhitaji. Sisi tulikuwa naye nyumbani.

Kuna kosa jingine ambalo nimeliona hapa na sitaki tuliige. Wakati wa korona mawaziri walikuwa wanarudia kila siku kwamba "tunafuata sayansi". Maneno hayo yalinitia wasiwasi tangu mwanzo. Mtaalamu wa magonjwa anaweza kukadiria shule zikifungwa maambukizi yatapungua kiasi gani. Hawezi kukuambia kama upungufu huo unastahili mwaka mzima wa elimu ya mtoto. Hilo ni la aliyechaguliwa, na ni lazima alibebe yeye. Kujificha nyuma ya mwanasayansi ni kumvika mzigo ambao hakupewa na mpiga kura yeyote. Tena majina ya wajumbe wa kamati kuu ya ushauri, SAGE, hayakutangazwa hadi Mei 2020, baada ya kelele nyingi. Kwetu mwezi huohuo takwimu za wagonjwa ziliacha kutolewa kabisa. Ndiyo maana mwaka uliofuata, Rais Samia alipounda kamati ya wataalamu na mapendekezo yake yakaelezwa hadharani, nilifurahi kwa namna ambayo wenzangu wa ofisini hawakuielewa.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote sikuupata Uingereza. Niliusoma nikiwa hapa, na uliniuma kwamba sikuwahi kufundishwa nyumbani. Miaka ya 1990 serikali ya Tanzania, pamoja na taasisi ya utafiti wa maendeleo ya Canada, IDRC, ilianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Wakusanya takwimu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ameugua, nani amefariki na kwa dalili zipi, kwa sababu wengi walikuwa wanafia nyumbani na hospitali haikuwa na habari zao. Kisha wakaweka vitu viwili kando kwa kando: magonjwa yanachukua uhai kiasi gani, na bajeti inakwenda wapi. Morogoro, malaria ilikuwa inachukua kama asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, nayo ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya 1996.

Hakuna aliyeamriwa. Timu za afya za wilaya zilipewa michoro rahisi, zikajionea zenyewe, zikahamisha fedha kuelekea vyandarua na matibabu ya watoto. Zilipewa nyongeza ya hadi dola mbili kwa mkazi kwa mwaka, hata hiyo hazikuweza kuitumia yote. Katika miaka michache vifo vya watoto katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Hayo yalifanyika kwetu, na waganga wakuu wa wilaya zetu. Nikisikia mtu akisema wanasiasa wetu hawaelewi takwimu, au wataalamu wetu hawajui kuzungumza na watu, nakumbuka Rufiji.

Kilichosaidia kule, kwa maoni yangu, ni kwamba ushauri ulikuwa mezani kwa sura ambayo kila aliyekaa aliiona. Hapo ndipo linakuja suala la lugha, na hili nalisema kwa uchungu. Hapa Uingereza mwanasayansi, waziri na dereva wa basi wanasoma waraka mmoja kwa lugha moja. Kwetu mbunge anajadili kwa Kiswahili, mpiga kura anafuatilia kwa Kiswahili, na ripoti ya mtaalamu imeandikwa Kiingereza kwa ajili ya mfadhili. Mwaka 2021 tulibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Sioni kwa nini ushauri wa sayansi ubaki nyuma. Mimi mwenyewe nimejaribu kuandika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili kuhusu kazi yangu, ikanichukua wiki tatu, na katika kuuandika nikagundua sehemu ambazo sikuwa nimezielewa vizuri.

Muda nao hautusubiri. Klorokwini ilitutibu malaria kwa miongo mingi kabla ya kuachwa mwaka 2001. Dawa ya SP iliyofuata ilidumu kama miaka mitano tu, ikaja dawa mseto. Sasa vimelea vyenye usugu kiasi dhidi ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, vimethibitishwa Kagera, kama ilivyo kwa majirani zetu Rwanda na Uganda.

Kwa hiyo kuna uamuzi mgumu unaokuja, wa kisayansi na wa kifedha kwa pamoja: dawa ipi, lini, kwa nani kwanza. Wataalamu wa kuushauri tunao, na nina hakika watakaa na kuandika. Nataka kujua tangu sasa waraka wao utawekwa wapi, na utakuwa kwa lugha gani.