Pimeni HPV wakati wa mbalamwezi

Wanaopanga kampeni za kupima saratani ya shingo ya kizazi huku kwetu Mwanza waangalie mwezi kabla ya kuangalia kalenda. Siku za giza dagaa huvuliwa usiku kucha, na kukipambazuka kina mama wa mialoni, pale samaki wanaposhushwa ufukweni, wako mchangani wanaanika, jicho moja liko mawinguni. Mvua ikiwahi kabla dagaa hawajakauka, mtaji umekwenda. Mwite mama huyo zahanati saa nne asubuhi uone kama atakuja. Mbalamwezi ikiingia mitumbwi hupumzika, naye anapata nafasi.

Kipimo chenyewe si kigumu tena. Miaka mingi tumetegemea siki: muuguzi anaipaka kwenye shingo ya kizazi, anatafuta weupe, na mengi yanategemea jicho lake. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanza na kipimo cha vinasaba vya HPV, virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za aina hii. Aina ya 16 na ya 18 peke yake zinabeba takriban asilimia 70. Mashine ya GeneXpert, ileile ya kupimia makohozi ya kifua kikuu, inatoa majibu kwa saa moja hivi. Sampuli mwanamke anajichukulia mwenyewe nyuma ya pazia, bila kuvuliwa nguo mbele ya binti wa jirani aliyemaliza chuo cha uuguzi juzi. (Msicheke. Kijijini hiyo ndiyo sababu kubwa, hata kama watakwambia ni nauli.)

Ila hiyo saa moja hainivutii kama matibabu yako mbali. Kukutwa na HPV si kukutwa na saratani. Kwa wengi mwili huviondoa virusi wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Lakini aliyekutwa navyo lazima aangaliwe, na seli zilizoanza kubadilika mara nyingi huchomwa kwa kifaa cha joto, dakika chache tu, bila kulazwa. Kifaa kisipokuwepo, tumempa hofu akaondoke nayo. Mama wa kisiwa cha Ukara ataambiwa aende Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe, wa Nansio avuke kuja mjini. Mume atamwambia nini, na dagaa atamwachia nani? Wa Sengerema angalau tangu 2025 ana daraja la Kigongo–Busisi. Visiwani bado ni vivuko na mitumbwi.

Kwa hiyo mimi nachagua mialo mitano yenye kipimo na tiba kuliko hamsini yenye kipimo tu. Na ningeanzia kliniki za CTC, zile za matunzo na tiba kwa wenye VVU. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani hii mara sita ya asiye navyo, anashauriwa kuanza kupimwa akiwa na miaka 25 badala ya 30, na kliniki anakuja tayari kuchukua dawa. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 wana chanjo yao, sasa ni dozi moja tu. Mama zao iliwapita.

Pesa? Katriji ya HPV, yaani kasha la sampuli linaloingizwa kwenye mashine, si ile ya kifua kikuu, inanunuliwa peke yake. Halmashauri zinatoza ushuru wa dagaa, na wanaoulipa wengi ni kina mama hawahawa. Madiwani waanze kukata humo.