Kuamsha kinga au kuituliza?

Ingia duka la dawa Kariakoo au River Road, Nairobi, uombe kitu cha kuongeza kinga. Hutatoka mikono mitupu. Utapewa vitamini C inayochemka kwenye maji, zinki, unga wa mlonge, na ukiwa na bahati mbaya, chupa isiyo na lebo. Biashara hiyo yote inasimama juu ya imani moja ambayo wachache wetu tumewahi kuihoji: kwamba kinga ya mwili hupungua tu, haizidi kamwe.

Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2025 ilikwenda kwa watu watatu walioonyesha kwamba inazidi, na ikizidi inaua. Shimon Sakaguchi wa Japani alianzia kwa panya waliotolewa tezi ya thaimasi siku tatu baada ya kuzaliwa. Seli T za kinga hukomaa kwenye tezi hiyo, kwa hiyo mtu angetarajia panya hao wawe dhaifu wa kinga. Wapi! Kinga yao iliwageukia ikaanza kushambulia viungo vyao wenyewe. Walipopewa seli T za panya wazima wenye afya, hawakuugua. Maana yake ndani ya seli T kuna kundi ambalo kazi yake ni breki, na mwaka 1995 Sakaguchi alilitambulisha. Mwaka 2001 Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakaikamata jeni inayohusika, Foxp3, kwa kufuatilia ukoo wa panya wagonjwa waliojitokeza kwenye maabara ya Oak Ridge, Tennessee, miaka ya 1940. (Siku ya kutangazwa tuzo Ramsdell alikuwa matembezini porini, simu haipatikani. Nimempenda bure.)

Kuna watoto wa kiume wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni hiyo. Huharisha bila kukoma, ngozi hujaa ukurutu, na wengine hupata kisukari kabla hata hawajajifunza kutambaa. Seli za kupambana wanazo tele. Wanachokosa ni zile za kuzizuia.

Mtu anaweza kusema huo ni ugonjwa adimu wa mbali. Sawa, tuje karibu. Madaktari wanaotibu VVU Afrika Mashariki wanamfahamu mgonjwa huyu: CD4, seli za kinga ambazo VVU huziharibu, ziko chini sana, anaanzishiwa ARV, wiki chache baadaye virusi vimeshuka na CD4 zinapanda. Kisha homa inarudi, tezi za shingo zinavimba, TB iliyokuwa inaonekana kutulia inawaka upya. Ndugu wanasema dawa zimemdhuru. Kumbe kinga iliyozinduka imewakuta vijidudu waliojificha na inawashambulia kwa fujo, na fujo hiyo ndiyo inayomuumiza.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Uganda na Afrika Kusini, kwa wagonjwa wa VVU waliokuwa na homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi wa kriptokokasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwagawa mafungu mawili. Waliowahishiwa ARV, ndani ya wiki moja hadi mbili, walikufa asilimia 45 katika miezi sita. Waliosubirishwa wiki tano hivi walikufa asilimia 30. Dawa ni zilezile, tofauti ni wiki. Kwa wagonjwa wengi wa VVU kuchelewa ARV ni hatari. Kwa hawa, haraka ndiyo ilikuwa hatari.

Hapo mtu wa breki, anayetaka kinga itulizwe, atajiona ameshinda hoja, na atakumbusha Juni 2020, wakati huku kwetu wengi walikuwa wanajifukiza nyungu: jaribio la RECOVERY la Uingereza liligundua kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Ila asome matokeo hadi mwisho. Wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwasaidia hata kidogo.

Halafu kuna malaria ya ubongo. Kwa kuwa uvimbe ulidhaniwa kuwa sehemu ya tatizo, madaktari waliijaribu deksamethasoni hiyohiyo nchini Thailand. Matokeo ya mwaka 1982 yalionyesha kwamba waliopewa walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu. Na dawa za kisasa za baridi yabisi zinazozuia TNF, kemikali mojawapo ya kuchochea uvimbe, ziliwapa nafuu kubwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani, kisha mwaka 2001 ikaripotiwa kwamba zinaiamsha TB iliyolala. TNF ndiyo husaidia kuwafungia bakteria wa TB ndani ya mapafu. Ukiiondoa, umewafungulia mlango. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wameambukizwa bakteria hao.

Kwa hiyo upande wa "ongeza" nao hauwezi kutupwa. Mtoto mwenye surua anahitaji vitamini A, mwenye utapiamlo anahitaji chakula, mwenye VVU anahitaji ARV. Hao kinga yao imepungua kweli. Saratani nayo imefundisha kwamba wakati mwingine breki zenyewe ndizo za kufunguliwa: James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel mwaka 2018 kwa kazi hiyo, na baadhi ya wagonjwa wa saratani ya ngozi iliyosambaa wameishi miaka mingi. Gharama yake nyingine, ukiacha fedha, ni kwamba kinga hiyo iliyofunguliwa inaweza kugeukia utumbo, mapafu au tezi ya thairoidi. Ninachokikataa ni kumwuzia mtu mzima, mwenye afya na anayekula vizuri, chupa ya kumzidishia kitu ambacho hakijampungua.

Sasa macho yote yako kwenye tiba zinazotokana na seli za Sakaguchi, kwa ajili ya magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, na kwa waliopandikizwa viungo. Mimi nina shaka moja. Majaribio ya dawa za kutuliza kinga kwa kawaida humpima mtu TB kwanza, na mwenye maambukizi hutibiwa au huachwa nje. Kwa usalama ni sahihi. Lakini dawa ikishapitishwa hivyo na kuletwa Mwanza au Kampala, itakutana na mapafu ambayo watafiti hawakuyapa nafasi, kwa hiyo wagonjwa wa huku waingizwe kwenye majaribio tangu mwanzo, chini ya uangalizi, kabla maduka ya Kariakoo hayajaanza kuuza "vituliza kinga".