Kitelezi Kisiguswe Kabla ya Kukisia

Inaniudhi kuona wazazi hapa Nairobi wakinunua bando ili mtoto wa kidato cha nne "asome" kozi za kalkulasi zinazojichezea zenyewe. Tanjenti, ule mstari unaoigusa grafu kwenye nukta moja, inateleza juu ya grafu, rangi zinabadilika, mwanafunzi anabofya "endelea". Muulize baadaye mteremko wa y = x² pale x = 1 ni ngapi. Atakariri: shusha kipeo, punguza moja, 2x, jibu 2. Kwa nini 2? Hapo ananyamaza.

Kinachohitajika ni grafu moja na kitelezi kimoja, yaani kitufe cha kuburuta kinachobadilisha namba. GeoGebra, programu ya hesabu na grafu, ni ya bure kwa mwanafunzi, na ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Andika f(x)=x^2, kisha h=1 upate kitelezi. Weka A=(1,f(1)) na B=(1+h,f(1+h)), chora g=Line(A,B), halafu m=Slope(g). Mteremko utasoma 3. Sasa simama! Kabla kitelezi hakijaguswa, mwanafunzi aandike kwa kalamu anachotarajia h ikiwa 0.5. Akisogeza ataona 2.5. Akisie tena: 0.1 inatoa 2.1, 0.01 inatoa 2.01, na upande wa kushoto −0.1 inatoa 1.9. Aliyekosea kukisia ndiye anayejifunza zaidi, kwa sababu sasa ana swali lake mwenyewe.

Hatua ya kitelezi ipunguzwe hadi 0.01. Ikiachwa kwenye 0.1, kinaruka kutoka 0.1 hadi 0, na sehemu tamu yote inapotea. Kwenye 0 nukta mbili zinakuwa moja, mstari unatoweka, na kozi nyingi hupita hapo haraka kana kwamba ni hitilafu. Hapo ndipo penye somo! Kompyuta imeombwa kugawa 0 kwa 0. Mwanafunzi arudi kwenye karatasi: (1 + h)² − 1 ni 2h + h², na (2h + h²) ÷ h ni 2 + h, maadamu h si 0. Sasa anajua ile 2 inatoka wapi, na kwa nini tunasema "inakaribia".

Angalia pia mizani ya jira, yaani ile mistari ya x na y. Jira ya x ikivutwa kuliko ya y, mstari wa mteremko 2 unaonekana umelala, na mtoto anaamini macho kuliko namba. Rudisha 1:1.

Kwa eneo chini ya grafu, kisio moja linatosha: x² kutoka 0 hadi 3, ambapo eneo halisi ni 9, likikadiriwa kwa trapeza 6. Jibu litazidi 9 au litapungua? Linatoka 9.125, maana vichwa vya trapeza vinapita juu ya grafu iliyopinda kwenda juu. Ukitumia trapeza 12, kosa linabaki robo ya lile la kwanza.

Haya, nakubali: kwenye chumba cha KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, hakuna kitelezi, na mkono usiozoea kuandika hatua utakwama. Basi daftari liwe wazi kando ya kompyuta muda wote. Na pale ambapo wanafunzi watatu wanagawana mashine moja, anayeshika kipanya asisogeze chochote mpaka wenzake wawili wameandika makisio yao, kisha kipanya kihamie kwa anayefuata.