Zizi katikati ya kijiji: je, ng'ombe alikuwa mkubwa tangu mwanzo?

Wakulima wa kwanza waliofua chuma na kupanda mtama na uwele walifika kusini mwa Afrika katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Wanaakiolojia wanabishana hadi leo: je, ng'ombe alikuwa mhimili wa jamii hizo tangu mwanzo, au cheo hicho alikipata baadaye?

Mwanaakiolojia Thomas Huffman alishikilia jibu la kwanza. Alianzia kwenye mpangilio wa mji ambao mwanaanthropolojia Adam Kuper aliueleza kutokana na desturi za Wanguni na Wasotho-Tswana. Zizi liko katikati na ni mahali pa wanaume: kando yake ndipo penye baraza, ndani yake huzikwa wakubwa, na chini yake hufukiwa akiba ya nafaka. Nyumba za wake hulizunguka. Kinachofunga yote hayo ni mahari: ng'ombe wanatoka, mke anaingia, watoto wanakuwa wa ukoo wa baba. Kwa Huffman, kijiji cha kale chenye ramani hiyo kilikuwa pia na ndoa za namna hiyo.

Hapo ndipo ninapositasita. Chukua shimo la nafaka lenyewe. Lina mdomo mwembamba na tumbo pana. Mdomo hufunikwa bamba la jiwe na kuzibwa kwa samadi. Samadi iliyokanyagwa na mifugo huzuia maji ya mvua na kubana hewa, hivyo fukusi hufa kwa kukosa pumzi. Nafaka iliyogusa ukuta huchacha, ya katikati husalia. Mkulima angeweza kuchimba shimo zizini kwa faida hiyo tu, bila imani yoyote.

Wapinzani, akiwemo Shaw Badenhorst, mtaalamu wa mifupa ya wanyama wa kale, wanaleta mifupa. Katika vijiji vingi vya karne za mwanzo, kondoo na mbuzi ni wengi kuliko ng'ombe. Mabonde yenye vichaka yalikuwa na mbung'o, na nagana, ugonjwa wa mifugo wanaoueneza, humaliza kundi. Huffman alijibu kwamba ng'ombe wa mahari hachinjwi ovyo, hivyo uchache wa mifupa hauonyeshi uchache wa heshima. Jibu hilo lina ukweli, kwani fahali mmoja hutoa nyama ya kondoo wengi. Lakini lina hatari: mifupa mingi ikisomwa kuwa ng'ombe walikuwa wengi, na michache kuwa walithaminiwa mno, hakuna kitu kinachoweza kuikanusha nadharia.

Ndiyo maana naipa samadi uzito zaidi. Katika kijiji cha kale cha Broederstroom, magharibi mwa Pretoria, mifupa ya ng'ombe ni michache, ila Huffman alionyesha kuna samadi yao. Kazi hiyo inataka uangalifu. Chembe za chokaa zinazoundwa matumboni mwa wanyama wanaocheua huyeyuka kwenye udongo wenye asidi, kwa hiyo kukosekana kwake si ushahidi. Chembe za silika, madini magumu yaliyomo ndani ya majani, hudumu zaidi, lakini peke yake hazitoshi kutenganisha samadi na nyasi za paa lililooza.

Baadaye mashaka yanapungua. Mashariki mwa Botswana, maboma ya Toutswe yana samadi nene kiasi kwamba aina moja ya nyasi huota juu yake, na James Denbow aliyatambua kwenye picha za angani. Katika mji wa kale uitwao K2, karibu na mto Limpopo, kulikuwa na zizi kubwa katikati ya mji. Kwa maelezo ya Huffman, liliondolewa hapo yapata 1150, kabla watawala hawajahamia kilima cha Mapungubwe yapata 1220. Kumhamisha ng'ombe kutoka katikati ya mji ni uamuzi wa kisiasa.

Badenhorst naye anavuka mpaka anapodokeza kwamba wakulima wa mwanzo walifuata ukoo wa mama kwa sababu kondoo walizidi. Mifupa haisemi mtoto ni wa nani. Kupima strontiamu, elementi ambayo meno huipata kutoka mahali mtu alipokulia, kwenye meno ya waliozikwa kunaweza kuonyesha nani alikulia kwingine, mume au mke. Hata hivyo, kipimo hicho kitatueleza makazi tu. Kama kuna ng'ombe waliotolewa, hakitasema.