Mkuu wa polisi asiyeng'oka: funzo la Los Angeles

Machi 1991 polisi wa Los Angeles walinaswa kwenye video wakimshushia kipigo Rodney King, dereva mweusi. Meya Tom Bradley akamtaka mkuu wa polisi, Daryl Gates, ajiuzulu. Gates akagoma. Tume ya Polisi, inayosimamia idara hiyo, ikampa likizo ya lazima, lakini siku chache baadaye amri ya mahakama ikamrudisha ofisini. Cheo chake kililindwa na kanuni za utumishi wa umma kama cha karani yeyote wa jiji: hatoki mpaka kosa lithibitishwe, na uongozi mbovu ni kosa gumu kuthibitisha.

Kinga hiyo haikuwekwa kipuuzi. Miaka ya 1930, enzi za Meya Frank Shaw, ndugu yake alituhumiwa kuuza vyeo, hadi wapiga kura wakamng'oa Shaw mwaka 1938. Mkuu mwenye kinga angeweza kumkatalia mwanasiasa. Tatizo ni kwamba aliweza pia kuwapuuza wananchi, na wakazi weusi wa jiji hilo walilijua hilo muda mrefu kabla ya video.

Juni 1992, wiki chache baada ya ghasia zilizozuka polisi waliompiga King walipoachiwa na mahakama, wapiga kura waliitoa nafasi hiyo kwenye kinga. Mkuu sasa hupewa miaka mitano, ikiongezwa mara moja tu. Siasa ilirudi, kama ilivyotabiriwa: mwaka 2002 Bernard Parks, mkuu mweusi, alinyimwa muhula wa pili, Meya James Hahn, aliyepinga asiongezewe, akapoteza imani ya wapiga kura weusi wengi, na mwaka 2005 akaangushwa. Hata hivyo naona ni nafuu. Hahn aliwajibika kwenye sanduku la kura. Gates hakuwa na wa kumwajibisha.

Kwa watumishi wa chini sikubali kinga iondolewe. Chicago, chama kilipobadilika katika ofisi ya sherifu wa kaunti (mkuu wa usalama anayechaguliwa kwa kura), watumishi wa chama kingine walifukuzwa au kutishiwa, akiwemo mlinzi wa mahakama ya watoto. Mlinzi wa mlangoni anatunga sera gani? Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku mtindo huo mwaka 1976.

Pagumu ni kwa manaibu. Mkuu mpya akirithi manaibu wote wa mtangulizi wake, maagizo yake yataishia mezani. Ningemwachia awateue mwenyewe, ila kwa sharti lililomo kwenye sheria ya Texas: naibu akitenguliwa, anarudi kwenye cheo alichokuwa nacho kabla ya uteuzi.