Siku 99 hazitoshi kumpima Friedrich wa Tatu

Kaizari Friedrich wa Tatu wa Ujerumani amezoeleka kupimwa kwa namba moja: 99. Ndizo siku alizotawala, kuanzia tarehe 9 Machi 1888 hadi 15 Juni, akiwa na saratani ya koo. Kwa miaka mingi waliomlilia walisema kwamba lau angeishi, Ujerumani ingekuwa na Bunge lenye nguvu na huenda vita vya 1914 visingetokea. Siku hizi upepo umegeuka. Inasemwa kwamba uliberali wake ulikuwa wa mdomoni, na kwamba hakuwa na uti wa mgongo. Wasemao hivyo wana ushahidi, na nitautaja. Lakini naona wanamwonea, kwa sababu wanamkagua zaidi pale ambapo hakuwa na mamlaka, kisha wanapita mbio pale alipokuwa nayo.

Mashtaka yenyewe ni haya. Juni 1863, akiwa Danzig, alitamka hadharani kwamba hakushirikishwa katika amri ya kuyabana magazeti iliyotolewa na serikali ya Bismarck, waziri mkuu wa Prusia, ufalme wa Kijerumani uliokuwa wa baba yake. Baba yake, Mfalme Wilhelm, akaghadhibika, na mwana akanyamaza kwa miaka. Mwaka 1870 alimshinikiza Bismarck awatishe watawala wa Ujerumani ya kusini, Bavaria hasa, ili waingie katika dola jipya. Mwaka 1878 baba yake alijeruhiwa vibaya kwa risasi za Nobiling, mtu aliyetaka kumuua, naye mwana akakaimu kwa miezi sita. Katika miezi hiyo Hödel, mtu mwingine ambaye wiki tatu kabla ya Nobiling alimfyatulia mfalme risasi akamkosa, alikatwa kichwa kwa idhini yake, na sheria ya kuwapiga marufuku Wasoshalisti ikatoka na saini yake. Alipopata kiti mwenyewe alitia saini kuiongezea sheria hiyo muda. Anayemtetea hana haki ya kuyaruka haya.

Sasa turudi kwenye zile siku 99, tuone zilikuwa na nini ndani. Tarehe 9 Februari 1888, huko San Remo, Italia, madaktari walimtoboa koo na kumwekea mrija wa kupumulia. Alipotangazwa Kaizari mwezi mmoja baadaye, alikuwa hana sauti. Alitawala kwa vikaratasi: waziri anasoma jalada, Kaizari anaandika swali, waziri anajibu kwa mdomo, Kaizari anaandika tena, na kila anapoandika pumzi inapita kwenye mrija. Mbele yake alikaa Kansela Bismarck, aliyekuwa ameshika serikali ya Prusia tangu 1862. Nyuma yake alisimama mwanawe Wilhelm, mwenye miaka 29, ambaye wakubwa wa jeshi na ofisi za serikali walikuwa wameshaanza kumgeukia. Kila aliyekuwa karibu alijua kwamba jambo lolote asilolitaka Kansela lingekufa lenyewe likicheleweshwa tu. Hata hivyo, mgonjwa huyu aliwapa nishani ya Tai Mweusi, ya juu kuliko zote Prusia, Eduard von Simson na waziri wa sheria Friedberg, wote wawili wazaliwa wa Kiyahudi. Tarehe 8 Juni akamwondoa Puttkamer, waziri wa mambo ya ndani aliyewatumia watumishi wa serikali kuipatia serikali kura. Siku saba baadaye akafariki. Mimi sioni uti wa mgongo dhaifu hapo.

Siku hizo zinatugusa hata sisi wa pwani. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alisaini mkataba ulioipa kampuni ya Kijerumani utawala wa pwani kutoka Umba hadi Ruvuma, na kufikia Agosti Abushiri na wenzake walikuwa wameinuka dhidi ya Wajerumani. Zaidi ya hapo, mwaka 1890 Herbert, mwana wa Bismarck, alieleza kwamba mbio za makoloni zilianzishwa kwa sababu utawala wa mrithi huyu ulitarajiwa kuwa mrefu na wenye kuelemea Uingereza, na makoloni yangempa Kansela ugomvi na Waingereza wakati wowote autakao. Wanahistoria wanabishana uzito wa kauli hiyo. Kama ina ukweli hata wa nusu, watu wa Pangani na Bagamoyo walilipia hofu ya kumwogopa mtu ambaye alikuja kutawala siku 99 tu.

Pale alipokuwa na mamlaka kamili ni katika loji, yaani chama cha Frimasoni, udugu wa siri wenye ibada na daraja zake. Friedrich alikuwa Frimasoni, na najua neno hilo kwetu huleta habari za damu na utajiri wa ghafla. Katika Prusia ya wakati wake lilikuwa jambo la kawaida kwa maofisa wa jeshi na wana wa mfalme. Aliingizwa mwaka 1853 na baba yake mwenyewe, na mwaka 1860 akawa Mkuu wa Loji Kuu ya Nchi, iliyoanzishwa Berlin mwaka 1770 na daktari wa kijeshi, von Zinnendorf. Loji hiyo ilifuata mfumo wa Uswidi. Waliopanda daraja za juu walifundishwa kwamba mafunzo yao yamepokewa kwa siri kutoka kwa watawa-wapiganaji wa Hekalu wa zama za vita vya msalaba. Ni juu ya mapokeo hayo heshima ya wakubwa wote wa loji ilipojengwa, yeye akiwa wa kwanza.

Tarehe 24 Juni 1870, katika sherehe ya kutimiza miaka mia, alisimama mbele ya ndugu zake wa loji akawaambia kwamba mapokeo peke yake hayatoshi tena, lazima asili ya loji ichunguzwe kwa nyaraka kama historia nyingine yoyote. Wiki chache baadaye alikuwa vitani Ufaransa akiongoza Jeshi la Tatu huko Wörth na Sedan. Aliporudi alikuta wazee wa loji wanakwepa. Hakuridhika. Machi 1874 akajiuzulu ukuu wake. Hakuna aliyemlazimisha kuuliza, wala kuachia. Aliweka kiti rehani kwa ajili ya ukweli, akakipoteza.

Lakini hapo hapo pana doa ambalo hata wakosoaji wake hulitaja kwa nadra, nami naliona zito kuliko saini ya 1878. Loji ile haikupokea Wayahudi, naye aliiongoza miaka kumi na minne bila kuufungua mlango huo. Loji Kuu ya Royal York, ya mji huo huo, iliufungua mwaka 1872. Kwa upande mwingine, mwaka 1880, wakati waraka wa kutaka Wayahudi wapunguziwe haki ukikusanya saini ambazo zilifikia takriban robo milioni, na mhubiri wa ikulu Stoecker akiwachochea watu, Friedrich alikwenda kwenye ibada katika sinagogi la Berlin akiwa amevaa sare ya Fildi Mashali. Chuki ile akaiita fedheha kwa taifa. Bismarck hakuthubutu kufanya hivyo.

Nikiyapima yote, shtaka la udhaifu linabaki na kitu. Mwaka 1863 aliomba aachie vyeo vyake, baba akakataa. Mwaka 1874 aliachia kweli. Silaha yake ilikuwa kujitoa, na mtu wa namna hiyo huwaachia wengine uwanja. Wazee wa loji walibaki na mapokeo yao, na Bismarck alibaki na serikali. Shtaka la unafiki ndilo lisilosimama: mtu asiyeamini anachosema hafanyi uchunguzi dhidi ya cheo chake mwenyewe.

Mwanawe, Wilhelm wa Pili, hakujiunga na Frimasoni. Alipokea kiti Juni 1888 akiwa na sauti, afya na miaka thelathini mbele yake, na hadi mwisho wa mwaka huo meli zake zilikuwa zimeizingira pwani yetu.